Ngozi ya Tumbo Yenye Ilikuwa Inagandisha Maziwa

Weye mwenye unanisikiliza, ulishaka kuona ngozi ya nyama yenye ilikufa zamani, imekauka sawa kiatu ya mvua, lakini ingali inafanya kazi? Unacheka. Bote wanachekaka pale. Cheka, umalize, miye nitangoja. Niko na wakati.

Miye niliona. Tena ilikuwa yangu, niliishona na mikono yangu ku mwiko ya miti, na ilinifanyia kazi miaka ya amani na miaka ya vita. Watu wa kartye yetu, mutaa yetu hapa Bunia, walikuwa wanasema iko na pepo. Haikuwa pepo. Ilikuwa ngozi ya tumbo ya mutoto ya ng'ombe, ule mudogo mwenye angali ananyonya, hajaonja majani hata moja. Akionja majani, tumbo yake haina faida tena, unaweza kutupia mbwa.

Nianze ku mwanzo, usipotee. Baba yangu alikuwa anakamua ng'ombe ya muzungu moja ku milima, upande wa Kpandroma, kule baridi inakukamata masikio mpaka saa ine ya asubui. Bibi ya ule muzungu alikuwa anatengeneza foromaji, ile maziwa ya kugandisha yenye wengine wanaita jibini. Miye niliacha masomo mu deuxième primaire, ile darasa ya pili, basi wakanipa kazi ya kusugua ndoo. Unajua mutu mwenye anasugua ndoo anaonaka mambo mingi? Hakuna mwenye anamuangalia. Nilisugua na kuangalia, kuangalia na kusugua, mpaka siku ule mama alikuwa mugonjwa, miye nikatengeneza ile foromaji peke yangu, bwana yake akakula, hakujua.

Ule mama alikuwa anafanya hivi: anatia tumbo chumvi, anaikausha, anakata vipande, analoweka mu maji ya maziwa, ile yenye inachuruzika ku foromaji. Ile maji njo ilikuwa dawa. Kijiko moja mu ndoo, mbele umalize kumenya viazi, maziwa imeshika, inatetemeka sawa shavu ya mutoto munene. Lakini ile dawa, ukiisha kuimwanga mu maziwa, imeenda. Ingine inabaki mu foromaji, ingine inatoka na maji. Kesho unatafuta tumbo ingine. Na kama maziwa iko moto zaidi, dawa inakufa palepale, unabaki na ndoo ya aibu.

Nyuma wazungu walienda zao. Nani sasa atakuchinjia ndama kila juma?

Siye kwetu ni watu wa ng'ombe. Kibuyu ya maziwa yenye haikupigwa moshi, kwetu ni kibuyu ya uchafu, mugeni atakataa kunywa na atakusema mbali. Basi ile tumbo yangu ya mwisho ilikuwa inanuka. Nikasema, ngoja niifanye sawa kibuyu. Nikaipasua, nikaitandika ku mwiko, nikaishona na uzi ya mukonge, nikaitundika juu ya moshi siku tatu. Si juu ya moto, unisikilize muzuri, juu ya moshi, ile moshi ya baridi, ya miti yenye haijakauka. Nilitaka tu harufu itoke! Ikawa ngumu, rangi ya chai. Mama yangu akasema, "Umeiharibisha. Mutoto gani weye, mikono haikai kimya!"

Nikaitumbukiza mu maziwa. Tukangoja. Hakuna. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Tukaenda mu shamba, tukalima mpaka jua ilisimama juu ya kichwa, tukarudi. Maziwa imeshika! Nikavuta mwiko yangu, nikaiosha, nikaianika mu kivuli. Kesho nikaitia tena, ikashika tena. Kesho kutwa tena. Mama hakucheka tena, alianza kuomba nimushonee yake.

Ilikuwa polepole, ndiyo. Dawa ya maji ilikuwa inakimbia, na ngozi yangu ya mwiko ilikuwa inatembea sawa muzee mwenye anatoka misa. Lakini dawa ya maji inafanya mara moja, na ngozi yangu inarudia na kurudia. Na maziwa ikizidi moto kidogo, inavumilia. Nilikuja kuolewa hapa Bunia na ile akili. Nilikuwa nauzia mapadri, nauzia wagreki wa maduka. Mama foromaji! Hata ku bomba ya maji walikuwa wananipisha mbele juu nipate kuosha ndoo zangu. Ah, nilikuwa na kiburi. Nilikuwa na kiburi muzuri.

Basi vita.

Ile ya wapi ilitoka na nani alianza, uliza wenye kwenda masomo. Miye najua tu vile muji ilikuwa inabadilisha wenyewe sawa mutu anabadilisha shati. Leo hawa, kesho wale, na kila mutu anakuja na orodha yake ya wenye kufa. Bwana yangu alikuwa wa kabila ingine, wa watu wa shamba, alishakufa na ugonjwa mbele, Mungu alimuhurumia. Mutoto yangu mwanaume, moja tu mwenye Mungu aliniachia, akabaki na sura ya baba na luga ya mama. Mu ile siku, mutu kama ule hakuwa na upande. Bibi yake alikuwa na mimba ya miezi tatu.

Walimukamata ku baryeri, pale askari walifunga barabara, mchana, anatoka kutafuta chumvi.

Walimupeleka kwa komanda mwenye alishika kartye yetu. Alikuwa anakaa mu nyumba ya mutu mwenye alikimbia, nyumba ya madirisha kubwa. Nilienda. Nikamukuta ku baraza anakunywa chai na mukate mukavu. Askari moja ya mulango, kijana ya meno wazi, ananionyesha na kidole, anasema, "Mukubwa, huyu njo mama foromaji ya zamani!"

Komanda akaacha kutafuna. "Weye njo mama foromaji?"

"Njo miye, mukubwa."

"Uongo. Foromaji nilikula wakati nilikuwa natumika kwa wazungu. Weye ulijulia wapi?"

"Ku ndoo, mukubwa. Nilikuwa naisugua."

Akacheka. Anacheka muzuri, meno nyeupe, huwezi kujua. Akasema, "Leta moja siku ya posho. Maziwa, watu wangu watakupa. Nikikula muzuri, mutoto yako pia atakula. Nikikula mubaya..." Hakumaliza. Akarudia mukate yake.

Siku ya posho, ile wengine wanaita jumamosi, ikawa siku yangu ya kupumua. Alikuwa na ng'ombe mingi, za kunyanganya, hata zingine nilijua wenyewe yazo. Nikapeleka foromaji ya kwanza, komanda akakula. Mutoto yangu nikamuona, anaosha gari, mukonda, lakini nguo yake safi. Nikapeleka ya pili. Ya tatu. Kila posho namuona wakati kidogo, ule wa kupokea sahani na kurudisha sahani. Ule askari ya mulango alikuwa ananichokoza.

"Mama foromaji, na siye tutakula nini? Harufu?"

"Nimekuletea maji ya maziwa. Kunywa, ufunge mudomo."

"Eh! Mama huyu, angekuwa mwanaume, angekuwa komanda!"

"Ningekuwa komanda, weye ungekuwa unachunga mbuzi kwenu."

Alicheka, akakunywa, na siku ile aliniachilia wakati murefu kidogo na mutoto. Unaona vile tulikuwa tunaishi? Na matani.

Lakini ngozi yangu ilikuwa inazeeka. Posho ya kwanza, maziwa ilishika mbele ya saa sita. Posho ya tano, saa saba. Posho ya kumi, wanawake walikuwa wameanza kutoka soko, miye ningali nainama juu ya ndoo, naomba. Mafuta ya maziwa ilikuwa inakamata juu ya ile ngozi, naiosha na maji ya maziwa yenye chumvi, inapata nguvu kidogo, inachoka tena. Mutoto yangu alikuwa anaona vile nachelewa. Akaniambia chini chini, "Mama, ile ngozi yako imeanza kutembea sawa weye."

"Nyamaza. Mi natembea muzuri."

"Haya. Lakini ukianguka, usianguke siku ya posho."

Nilicheka njia yote.

Kupata tumbo ingine, haikuwezekana. Niliuliza. Nilienda kwa komanda mwenyewe, nikapiga magoti, nikasema, mukubwa, unichinjie ndama moja tu, mwenye kunyonya. Aliniangalia sawa mutu mwenye anaona wazimu. "Mama, weye mutoto ya watu wa ng'ombe, hujui? Ng'ombe ya kwetu bila mutoto yake pembeni, inafunga maziwa. Nikichinja mutoto, utagandisha nini, mukojo?" Alikuwa na haki. Ile njo ilinichoma zaidi, alikuwa na haki. Na mu muji yote nani alikuwa anachinja ndama? Ng'ombe zote za watu zilikuwa zimeenda, zingine zilivuka mupaka upande wa Aru, zingine zilikuliwa ku barabara.

Sasa sikiliza vile nilifanya. Juma ya kumi na moja, siku moja mbele ya posho, komanda akanitumia askari. "Kesho iko wageni wakubwa. Komanda anataka foromaji tatu, kubwa, mbele ya saa sita." Na bidon tatu ya maziwa nyuma yake.

Tatu! Mwiko yangu ilikuwa inafanya ndoo moja mpaka jua inaanguka. Mutu wa akili angerudi kusema, mukubwa, nitaweza moja. Pengine angekasirika, pengine angenipiga kofi. Pengine angecheka. Sikwenda kusema. Niliogopa ile maneno yenye hakumaliza.

Nikakata uzi. Nikatoa ngozi ku mwiko, nikaianika ku jua, nikaikata dogo dogo, nikaitia mu kinu. Nikatwanga. Ilikuwa ngumu sawa kwato, lakini nilitwanga mpaka ikawa unga. Asubui nikagawanya ile unga fungu tatu, nikatia mu maziwa.

We! Maziwa ilishika mbio sawa siku za ule mama ya kizungu! Usinihukumu, niliruka. Mwanamuke ya umri wangu, kati ya vita, peke yangu mu jikoni, niliruka na nikapiga mikono. Niliona miye njo fundi kushinda bote.

Wageni walikula. Komanda alipiga mikono pia. Siku ile aliita mutoto yangu, akamuambia akae chini pamoja na miye ku baraza, tukakula kipande moja, siye wawili, sawa watu. Ilikuwa na harufu ya moshi, na ukitafuna unasikia kamuchanga ya ngozi. Mutoto akasema, "Mama, iko muzuri." Nikasema, "Najua."

Na ile unga ilienda wapi? Ilienda mu tumbo ya wageni. Hakukuwa tena kitu ya kuvuta, ya kuosha, ya kuanika mu kivuli.

Posho yenye ilifuata nilikuwa na ndoo ya maziwa na mwiko ya uchi. Ku nyuma ya nyumba ya jirani mwenye alikimbia kulikuwa papai. Nilikuwa nimesikia maziwa ya papai bichi inakamataka maziwa ya ng'ombe. Nikachanja ile matunda na kisu, maji nyeupe ikatoka, nikaitia. Ikashika mbio. Nikaonja. Uchungu! Uchungu sawa kinini, ile dawa ya malaria. Nikaongeza chumvi, nikaipiga moshi, nikaiambia, tulia, mama, tulia, uwe tamu leo tu. Foromaji haisikiaka.

Nikaipeleka. Ningefanya nini ingine?

Alikata kipande. Alitafuna. Alitema ku majani. Aliniangalia, na ule askari ya kunichokoza aliangalia viatu vyake.

"Sumu?"

"Hapana, mukubwa. Haiko sumu." Nikachukua ile sahani, nikakula. Nilikula yote mbele yake, kipande kwa kipande, machozi inatoka, na miye nasema, "Iko muzuri, mukubwa. Unaona? Iko muzuri."

Alingoja nimalize. Sikuanguka, sikukufa. Akacheka tena ile kucheka yake. "Haiko sumu. Basi ni kazi mubaya tu." Akageukia watu wake, akasema mutoto yangu apande mu kamyo, lori ya askari, pamoja na wengine wa kubeba mizigo, upande wa machimbo ya zahabu, kule walikuwa wanapigana.

Alipanda. Hawakumufunga. Akainama juu ya ubao ya kamyo, akaniambia, "Mama, wende nyumbani, jua iko kali." Njo ile tu. Nilikuwa na uchungu ya papai mu kinywa, sikuweza kumujibu muzuri. Nilisema, "Eee." Mutoto yangu, neno ya mwisho nilimupa ni "eee".

Nikuambie kitu yenye inanikula. Juma tatu tu nyuma ya ile, muji ikabadilisha wenyewe tena. Komanda akakimbia na sakoshi moja, mufuko ya mukono. Watu wa kartye wakaingia mu ile nyumba, wanabeba viti. Wale wenye walikuwa wamefungwa pale, wenye walikuwa wanaosha gari na kuchota maji, wakatoka na miguu yao, wakaenda kwa mama zao. Niliwaona. Niliwahesabu, sawa mujinga, nikifikiri pengine.

Mujukuu wangu alizaliwa miezi mbili kisha. Mwanamuke. Watu walikuwa wananiletea habari: tumemuona Mahagi-Port anavuta nyavu. Nikaenda. Haikuwa yeye. Tumemuona Aru anapakua mizigo. Nikaenda. Mutu mwingine, hata hawafanane. Kisha watu wakachoka kumuona.

Ule mujukuu leo anasoma agronomia mu iniversite hapa Bunia. Usinianzishe juu yake, nitakesha! Anatembea na blouse nyeupe sawa munganga, na miye nyanya yake ananiita koko. Siku moja anarudi, anatupa sakoshi, anasema, "Koko, leo professeur alitufundisha kitu, nikakumbuka mwiko yako." Anachora ku kitabu. Anasema mu tumbo ya ndama muko kitu wanaita enzime, njo inakamatisha maziwa. Ikiwa huru mu maji inatembea, inakutana na maziwa fasi yote, kazi inaenda mbio, lakini huwezi kuirudisha. Ukiifunga ku kitu kigumu, ingine inaharibika mu kule kufungwa, na yenye inabaki haitembei, maziwa njo inapashwa kuifuata. Kazi inakuwa polepole. Lakini unaivuta unaitumia tena, na joto haiiue mbio. Anasema pengine moshi yangu njo iliifunga ku ngozi. Na vile niliitwanga, niliipa maziwa fasi mingi ya kuigusa, njo maana ilikimbia.

Nikamuambia, "Miaka tatu uko unakalia banc ya masomo juu ya ile? Ungeniuliza miye, na chai juu."

Tukacheka. Alafu nikamuuliza. Nilikuwa na ile swali miaka yote, sikujua iko mutu wa kuuliza.

"Ile ngozi ilifanya posho kumi. Kama sikuitwanga, ingefika kumi na tano?"

Anajua hesabu. Anajua ku kumi na tano kuko nini: njo juma yenye komanda alikimbia, na wenye kufungwa wakatoka. Ni baba yake mwenye hajamuona.

"Koko, ile hatuwezi kujua. Ng'ombe haiko ile, maziwa haiko ile. Ilikuwa inachoka."

"Ilikuwa inachoka, ao mafuta njo ilikuwa inaifunika?"

"Sijui. Yote mbili inaweza."

"Basi ujue."

Nikamuonyesha. Nilikuwa nimeenda ku abatware, kule wanachinjaka ng'ombe, nikaomba tumbo ya ndama mwenye kunyonya. Nimeitia chumvi, nimeishona, nimeipiga moshi siku tatu, ya baridi, sawa ile. Nikasema, peleka ku laboratware yenu. Kila posho ndoo moja. Uandike saa yenye inashika. Uoshe na maji ya maziwa yenye chumvi, usiongeze akili yako.

Mama yake, ule bibi ya mutoto yangu, alikuwa anasikia, akasema, "Mama, achana na ile. Itakusaidia nini?" Haikuwa yake kuniuliza, hakutwanga yeye.

Mujukuu akashika ile mwiko muda murefu. "Na ikifika kumi na tano, koko?"

"Utaniambia."

"Na ikikufa ku kumi na moja?"

"Utaniambia pia. Weye uko na roho ya baba yako. Utataka kunidanganya juu nilale muzuri. Sitaki kulala muzuri. Nataka kujua."

Alilia kidogo, akapangusa pua ku ile blouse nyeupe, nikamugombeza juu ya blouse. Akafunga mwiko mu kitambaa safi. Akaniahidi: kila posho atatoka ku laboratware, atakuja moja kwa moja kwangu mbele ya kupita kwa mutu mwingine, ataniambia saa yenye imeshika, na hata siku moja hataongeza, hata siku moja hatapunguza.